Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mbona tunatafuta tovuti badala ya kuandika anwani yake?

Maswali haya yametoka kaunta. Nina steshenari yenye kompyuta chache Mwanga, Kigoma, na wateja wangu huja kwa mambo yaleyale: matokeo ya mtihani, mkopo wa chuo, maombi ya ajira, namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa. Karibu wote wana tabia moja. Hata mtu awe ameshika karatasi yenye anwani kamili ya tovuti, atafungua Google kwanza, aandike jina, kisha abonyeze kilichotokea juu. Vijana wa mafunzo kwa vitendo wanaokuja kunisaidia huwacheka. Mimi pia nilikuwa nawacheka.

## Ya mwanzo

Kuandika anwani na kutafuta vina tofauti gani?

Anwani ni jina kamili la tovuti, kama necta.go.tz ya NECTA, Baraza la Mitihani. Ukiliandika kwenye upau mrefu ulio juu ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, simu yako inauliza mtandaoni jina hilo liko kwenye mashine ipi, inajibiwa kwa namba, inakwenda moja kwa moja. Mfumo huo wa kugeuza majina kuwa namba unaitwa DNS, na aliyeubuni mwaka 1983 ni Mmarekani Paul Mockapetris. Kabla ya hapo majina ya mashine zote za mtandao yalikuwa kwenye faili moja tu, linatunzwa mahali pamoja na kila mwenye kompyuta analinakili.

Kutafuta ni kumpa Google au mwenzake maneno, naye akuletee orodha ya kurasa anazodhani ndizo unazitaka. Kuchagua ni juu yako. Ukikosea anwani, kwa kawaida unaambiwa hakuna kitu. Ukikosea maneno ya kutafuta, bado utaletewa kitu. Karibu kila jambo lililomo katika ukurasa huu, zuri na baya, linatokana na hapo.

Sasa kwa nini watu hawaandiki anwani?

Sababu ya kwanza ni mazoea yetu ya kuelekezana. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, nguzo zenye majina ya mitaa zikasimikwa na nyumba zikabandikwa namba. Hata hivyo mgeni akinipigia kuuliza duka liko wapi, sijawahi kumtajia namba. Namwambia ashuke sokoni Mwanga, aulize steshenari iliyo karibu na mashine ya kusaga. Anafika. Akipitiliza, atakutana na mama wa migebuka, samaki wa ziwani kwetu, atakayemrudisha. Anwani ya tovuti haina mama wa migebuka: nukta moja ikipotea, umepotea nayo. Google anayo subira ya mtu wa njiani. Unamwambia nusu ya jina, tena umelikosea, naye anakuuliza kama ulimaanisha kitu fulani.

Sababu ya pili ni lugha, na wanaotucheka huisahau. Majina mengi makubwa ya mtandaoni yameandikwa kwa Kiingereza, nasi tunayajua kwa kuyasikia. Mtu aliyezoea kusikia "yutubu" ataandika yutubu. Kwenye kutafuta, YouTube inakuja bila ubishi. Akiongeza .com mbele yake na kuiweka kama anwani, amepiga hodi kwa mtu asiyemjua.

Halafu kuna balaa la kutajiana herufi. Mteja anasoma karatasi, mimi naandika. Akisema "i", je, ni i ya Kiswahili, au ni e aliyoitaja kwa Kiingereza? Akisema "a", je, hajamaanisha r? Nimewahi kuandika anwani moja mara nne na mzee mmoja wa Ujiji, mpaka akanivuta mkono akasema, "Mwanangu, si uiulize tu hiyo Google?" Tukaiuliza. Ikaja mara moja.

Basi huo si ushamba wetu wa huku bara?

Hapana. Mwezi Februari 2010, tovuti ya habari za teknolojia iitwayo ReadWriteWeb ilichapisha makala kuhusu Facebook yenye neno "login", yaani kuingia, kwenye kichwa chake. Kwa muda makala hiyo ikapanda juu kwenye Google kwa wanaotafuta "facebook login". Watu wengi wakabonyeza, wakakuta ukurasa mwekundu wasioujua, wakadhani Facebook imebadilishwa sura, wakaanza kulalamika warudishiwe ya zamani. Wenye tovuti ikabidi waweke tangazo kwamba hapa si Facebook. Hao hawakuwa watu wa Kibirizi hapa Kigoma.

Kuna kingine kinachonichekesha zaidi. Mwaka 2021 wakili wa Google alisimama mbele ya mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, akaeleza kuwa neno linalotafutwa kuliko yote kwenye Bing, mshindani wao, ni "google". Yaani mtu yuko ndani ya mtambo mmoja wa kutafuta, anautumia kuulizia njia ya kwenda mwingine, ambao anwani yake ni herufi sita na .com.

Wataalamu walishaona mapema. Mwaka 2002 Andrei Broder, aliyekuwa akifanya kazi AltaVista, mtambo wa kutafuta wa zamani, aligawa utafutaji katika makundi matatu: wa kupata habari, wa kufanya shughuli, na wa kufika mahali ambapo mtu tayari anapajua. Kundi hilo la mwisho alilikadiria kuwa karibu swali moja katika kila matano. Tena hapo simu zenye kioo cha kugusa zilikuwa hazijaenea.

Mbona namba za kutuma pesa tunazikariri na nyota zake?

Swali hili aliniuliza mwanafunzi wa sekondari, na bado naliona ni zuri kuliko yote yaliyo hapa. Mama anayesema hawezi kushika necta.go.tz anaandika *150*00# ya M-Pesa bila kuangalia, na za mitandao mingine anazo kichwani. Kwa hiyo tatizo si kumbukumbu.

Nadhani yako mambo matatu. Namba ile anaipiga kila siku, ilhali tovuti ya matokeo anaihitaji mara moja kwa mwaka. Tarakimu hazina tahajia: sifuri ni sifuri, Kiha, Kiswahili au Kiingereza. La tatu ndilo zito: ule msimbo hauna njia ya mkato. Ungekuwepo mlango wa kuandika "emu pesa" na menyu ikafunguka, nyota zingesahaulika ndani ya mwezi. Angalia namba za simu. Zamani tulizijua za ndugu wote, sasa tumeandika "Fundi Bomba" na hata ya mke hatuijui.

## Kivinjari nacho kina mkono wake

Upau wa anwani na kisanduku cha kutafutia si kitu kimoja?

Siku hizi ni kimoja, lakini haikuwa hivyo. Vivinjari vya zamani vilikuwa na visanduku viwili juu: kimoja cha anwani, cha pembeni cha kutafutia. Chrome ilipotoka mwaka 2008 iliviunganisha, na wengine wakafuata. Tangu hapo mpaka umefutika. Ukiandika neno lisilo na nukta, kivinjari kinalipeleka kutafutwa. Ukiandika maneno yenye nukta na yasiyo na nafasi, kinayachukulia kama anwani.

Kwa hiyo anayedhani "nimeandika anwani" mara nyingi ametafuta, na anayedhani ametafuta pengine amekwenda moja kwa moja. Sisi ndio tuliofundishwa kuchanganya, kisha tukalaumiwa kwa kuchanganya.

Nimeandika anwani sawasawa, mbona nimeletewa orodha ya Google?

Angalia nafasi kwanza. Baadhi ya kibodi za simu huongeza nafasi baada ya nukta, zikidhani umemaliza sentensi, na nafasi hiyo moja inageuza anwani kuwa maneno ya kutafuta. Kisha angalia kama hukuweka koma mahali pa nukta. Sababu nyingine ni kuandika kwenye kile kisanduku cha Google kilichopo kwenye uso wa simu badala ya kufungua kivinjari.

Lazima niweke www? Na herufi kubwa?

Tovuti nyingi zinafunguka bila www. Chache ambazo hazikutengenezwa vizuri zitagoma, hapo iongeze. Herufi kubwa au ndogo ni sawa katika jina lenyewe, NECTA.GO.TZ na necta.go.tz ni mlango uleule, ila kilicho baada ya mkwaju (/) kinaweza kubagua. Ile mikwaju miwili ya baada ya http usihangaike nayo. Tim Berners-Lee aliyeibuni Wavuti alikiri mwaka 2009 kwamba haikuwa na ulazima.

Mbona kwenye kompyuta yako nikigusa herufi n tu, NECTA inakuja?

Kwa sababu waliokutangulia wameshaifungua mara nyingi, na kivinjari kinakumbuka. Simu yako itafanya hivyo pia ukiitembelea tovuti mara kadhaa. Ukitaka uhakika zaidi, fungua tovuti sahihi mara moja, weka alamisho, au chagua kuiongeza kwenye uso wa simu ikae kama programu. Kwa tovuti unayoirudia, hiyo ndiyo njia ninayompa kila mteja, maana hana haja ya kukariri wala kuuliza.

## Matokeo, mkopo, ajira: penye hatari

Matokeo yametoka. Nitafute au niandike?

Andika necta.go.tz, kisha fuata sehemu ya matokeo. Ukitafuta "matokeo kidato cha nne" siku ile ya Januari, utakutana na msitu wa kurasa zilizotengenezwa kuvuna wabonyezaji. Nyingi si za wizi, zimejaa matangazo tu, na mwisho wake zinakurudisha NECTA kulekule baada ya kukuzungusha na kukulia bando. Zipo zinazotangaza kwamba matokeo yametoka wakati hayajatoka. Mama mmoja alinijia amevimba macho kwa kulia, kumbe aliyoyaona ni ya mwaka uliopita, na namba ile ilikuwa ya mtoto wa mwenzake.

Tovuti ikiwa nzito kwa wingi wa watu, kutafuta hakutakusaidia, utaletwa mlango uleule. Subiri.

Nitajuaje kuwa tovuti ni yenyewe?

Soma jina kuanzia kulia kwenda kushoto, ukianzia kabla ya mkwaju wa kwanza ulio baada ya jina. Tovuti za serikali yetu zinaishia na .go.tz, na jina hilo halitolewi kwa mtu binafsi. Vyuo ni .ac.tz, shule .sc.tz, biashara .co.tz, mashirika .or.tz. Kwa hiyo matokeo.necta.go.tz ni ya NECTA, kwa kuwa ukitoka kulia unakuta tz, go, kisha necta. Lakini kitu kama necta.go.tz.jinajingine.com ni mali ya huyo jinajingine. Neno NECTA hapo mbele ni shati la kuazima.

Sheria hiyohiyo inafanya kazi kwa portal.ajira.go.tz ya Sekretarieti ya Ajira, heslb.go.tz ya Bodi ya Mikopo, nida.go.tz, na selform.tamisemi.go.tz. Andika hizo unazozitumia kwenye karatasi ukaibandike ukutani.

Iliyo juu kabisa kwenye orodha si ndiyo yenyewe?

Mara nyingi ndiyo, na hapo ndipo tunapozoea vibaya. Nafasi za juu zinaweza kuwa za matangazo ya kulipiwa. Zina neno dogo la kuonyesha hivyo, ambalo kwenye kioo kidogo chenye mwanga wa jua hulioni. Mwenye pesa anaweza kulipia aonekane kabla ya yule uliyemtaja kwa jina. Kuuliza njia hakuna ubaya, ubaya ni kumfuata wa kwanza aliyesema "twende."

Kijana kutoka Kasulu alitafuta ajira za serikali, akabonyeza ya kwanza, akajaza kila kitu hadi tarakimu 20 za NIDA, akatuma na "ada ya fomu" kwa simu. Kuomba kazi kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira hakuna ada. Pesa haikurudi.

Nikiona alama ya kufuli niko salama?

Hapana. Kufuli lilimaanisha tu kwamba mazungumzo yako na tovuti hayasikilizwi njiani. Halikusema unazungumza na nani. Tapeli naye anaweza kuwa na kufuli. Watu walilielewa vibaya kiasi kwamba Chrome ililiondoa mwaka 2023, ikaweka alama nyingine.

Nimeshaweka nenosiri langu kwenye tovuti ya uongo. Nifanyeje?

Libadilishe sasa hivi kwenye tovuti halisi, na kila mahali pengine ulipotumia lilelile. Kama ulitaja namba ya siri ya pesa za simu, ibadilishe kabla ya kumaliza kusoma mstari huu, kisha wapigie mtandao wako. Mengine tutazungumza baadaye.

## Bando

Kutafuta kunakula bando kuliko kuandika?

Kidogo, kwa kuwa unafungua kurasa mbili badala ya moja. Lakini ukurasa wa orodha ya Google ni mwepesi ukilinganisha na video moja ya dakika mbili. Kinachomaliza bando ni zile kurasa za katikati zenye matangazo, nilizozieleza kwenye swali la matokeo. Anayeandika anwani kwa kubahatisha mara tano naye hajaokoa kitu.

## Kwa mwenye biashara

Nauza mawese na dagaa. Ninunue jina la .co.tz ilhali watu hawaandiki anwani?

Nunua, ila usitegemee kuwa wataliandika. Jina lako lina kazi mbili: kukufanya uonekane mtu wa kudumu, na kuwa mahali ambapo utafutaji utamfikisha mteja. Kwa hiyo mjini kwetu lazima jina liweze kusikika redioni na kuandikwa bila kuulizwa. Jina lenye l na r linaandikwa kwa njia mbili. Utasema Kalalangabo, mmoja ataandika hivyo, mwingine Kararangabo, na wote wawili ni wateja. Kistari usiweke, hakuna anayekumbuka kiko wapi. Usitumie "4" badala ya "for", hiyo ni michezo ya watu wa matangazo.

Kabla ya kulipia jina, jiweke kwenye ramani ya Google, ni bure. Anayetafuta "mawese Kigoma" akiwa Dodoma hahitaji tovuti nzuri, anataka namba ya simu inayopokelewa.

## Mambo ya pembeni

Nilitafuta "Liemba" nipate ratiba ya meli, nikaletewa vita. Kwa nini?

Kwa sababu jina hilo linaulizwa na watu wengi zaidi wanaopenda historia kuliko wanaotaka kwenda Kasanga. Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipandevipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Dunia nzima imeandika habari hizo. Google anakupa kile ambacho wengi walikitaka, na wewe hukuwa miongoni mwao. Ongeza maneno: ratiba, nauli, mwezi. Au fanya kama sisi sote, nenda bandarini ukaulize.

Kwa nini nikiandika google.co.tz napelekwa kwingine?

Tangu mwaka 2017 Google hutoa majibu kulingana na mahali ulipo, si kulingana na mwisho wa anwani uliyoandika. Mwaka 2025 ilitangaza kuwa anwani zake za kila nchi zitaelekezwa google.com. Hujakosea, wala hujadukuliwa.

Siku hizi naiuliza akili unde (AI) inipe kiungo. Ni sawa?

Kwa maelezo, sawa. Kwa kiungo, kuwa mwangalifu. Mitambo hiyo inaweza kukuandikia anwani inayofanana na kweli kwa kila hali isipokuwa haipo, au ilikuwepo ikahamishwa. Ipime kwa kuisoma kulia kwenda kushoto kama ilivyoelezwa juu.

Nikija dukani kwako, unaniandikia wewe?

Anwani nitakuandikia, au nitakuonyesha ilipo. Nenosiri unaandika mwenyewe, mimi nageuka upande wa mashine ya fotokopi. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nenosiri hilo, kataa, na ukimaliza toka kwenye akaunti mbele yangu. Siku ya matokeo njoo na namba ya mtihani, ile inayoanza na S na namba ya shule. Jina la mtoto peke yake halinitoshi, maana hapa Kigoma Ramadhani wako wengi.